Kinywa cha Mgonjwa Kisisahauliwe



Sisi tunaopeleka Komunyo kwa wagonjwa majumbani huona jambo ambalo wengine hawalioni. Mgonjwa anapofungua kinywa ili apokee, ndipo tunapoyaona meno yaliyooza, fizi zinazotoka damu, na ulimi uliokauka hata kupasuka. Kwa muda mrefu tumeona na kunyamaza. Leo tunataka kusema habari za wagonjwa ambao ukimya wetu umewadhuru kuliko wengine, yaani wenye ugonjwa wa Parkinson, ambao huku kwetu wengi huuita ugonjwa wa kutetemeka.

Yanayosemwa juu yao tunayajua. Huyu amerogwa. Huyu alikunywa mno ujanani. Huyu ni mzee tu, na uzee hauna dawa. Hayo si kweli. Ugonjwa huu hutokea pale chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, inayouwezesha mwili kwenda kwa utaratibu, zinapokufa kidogo kidogo. Daktari Mwingereza, James Parkinson, aliueleza tangu mwaka 1817, na hata yeye alikwisha kuona kwamba wagonjwa walishindwa kumeza mate yao. (Daktari huyo, tuseme kwa kupita, aliandika pia vijitabu vya kuwatetea maskini wa nchi yake, hakuwa mbali sana na kazi ya Tume yetu.) Hapa Tanzania, watafiti walipopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, hesabu yao ya mwanzoni mwa mwaka 2006 ilionyesha wagonjwa 33 kati ya wakazi 161,071. Asilimia 78 ya wagonjwa hao walikuwa hawajapata kuambiwa kamwe wanaumwa nini. Mtu ambaye ugonjwa wake haujulikani, nani ataangalia meno yake?

Linalowaaibisha zaidi ni udenda. Jamaa humfungia mgonjwa uani wageni wanapokuja, wakidhani mwili wake unatoa mate kupita kiasi. Sivyo. Kwa kawaida mate si mengi kuliko yako na yangu, bali misuli ya koo imekuwa mizito, mgonjwa hamezi mara kwa mara, na kichwa kimeinama. Tena ajabu ni kwamba baadhi ya dawa zinazopunguza kutetemeka hukausha kinywa, na kinywa kikavu huozesha meno upesi. Mkono uliokakamaa hauwezi kusugua. Chakula hubaki mashavuni. Meno ya bandia hulegea na kuchubua fizi. Kisha uchafu huo, pamoja na vijidudu vyake, hushuka na mate kwa njia isiyo yake hadi mapafuni na kuleta nimonia, ambayo ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya wagonjwa hawa. Basi anayesema "ni meno tu" hajui asemalo.

Nasi je, tunapokwenda kuwatazama, tunachukua nini? Kilo ya sukari. Soda mbili. Biskuti. Huo ndio umekuwa mzigo wa huruma katika jumuiya zetu, na hakuna anayeuliza kama mtu asiye na mate ya kutosha, wala mkono wa kushika mswaki, anafaidika kwa soda. Hatusemi hayo kwa kumdharau aliyetoa kutoka katika ufukara wake. Twasema kwamba mswaki laini hauzidi bei ya ile kilo ya sukari, na hatujapata kumwona mwanajumuiya akiuchukua. Mpini wake ukizungushiwa kitambaa na kukazwa kwa mpira, au ukivishwa kishikio cha mpira cha usukani wa baiskeli, mkono unaotetemeka huweza kuushika. Pale usipoweza, mtu wa nyumbani na asugue, mgonjwa akiwa ameketi wima, kwa dawa ya meno kidogo yenye floridi na maji machache asije akapaliwa. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano, asubuhi na usiku.

Lawama nyingine ni ya wahudumu wa afya. Tunamkumbuka katekista mmoja mstaafu aliyepelekwa hospitali kwa jino moja. Aliamka usiku, akameza dawa yake kabla ya safari, akakaa foleni tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika saa nane mchana, nguvu ya dawa ilikuwa imekwisha. Taya lilikuwa limekaza, na mwili hautulii. Akaambiwa hawezi kutibiwa akiwa vile, arudi siku nyingine. Kijana mmoja pale akamwuliza binti yake, tena mbele ya mzee mwenyewe, kwamba kwa umri huu meno ni ya nini. Mzee alisikia. Ugonjwa huu huweza kufunga uso na kuififisha sauti, lakini masikio yake hayakuwa na kasoro.

Wako watakaotujibu kwamba nchi ina malaria, ina akina mama wanaokufa wakijifungua, na kwamba jino la mzee ni anasa. Hatukubali. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo, wala haikusema kwamba kinywa hakimo mwilini. Kumpa mgonjwa wa Parkinson zamu ya asubuhi, yapata saa moja baada ya kumeza dawa yake, hakuhitaji shilingi ya serikali. Kutomlaza chali kabisa kitini ili mate yasimwingie kooni, vivyo hivyo. Kinachotakiwa ni mtu kuuliza, "Baba, dawa yako umemeza saa ngapi?"

Kwa hiyo tunawaagiza viongozi wa jumuiya watuletee hesabu ya wote wanaotetemeka katika kanda zao, hata waliofichwa uani, na WAWATA wapange zamu za kuwafundisha watu wa nyumbani usafi wa kinywa. Kwa zahanati na hospitali, zikiwemo zilizo chini ya Kanisa, tutakwenda wenyewe. Tutaanza na ile iliyomrudisha katekista wetu, naye ameahidi kufuatana nasi, mradi tuondoke mapema.