Mdiria na Kingo za Ziwa Nyasa

Katika matete ya mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, huishi mdiria mdogo mwenye kishungi, ndege wa urefu wa sentimita 13 hivi. Mgongo wake ni buluu, kifua ni cha rangi ya machungwa, na mdomo wa aliyekomaa ni mwekundu. Hutulia juu ya tete akiyatazama maji. Ghafla hujitosa kichwa mbele, akaibuka na kisamaki, akampigapiga tawini na kummeza.

Wengi humsifu kwa uzuri, lakini wachache huuliza anazalia wapi. Mdiria huyu hajengi kiota mtini. Dume na jike huchimba shimo katika ukingo wima wa udongo, na humo jike hutaga mayai meupe. Kwa hiyo ukingo ukichimbwa mchanga au ukilimwa hadi majini, makinda huangamia hata kama samaki ni tele.

Ni kweli kwamba mwananchi anahitaji mchanga na shamba. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye kudhuru hifadhi ya kingo za mito na maziwa ndani ya mita 60. Tena, wakulima wa Kimatengo wa Mbinga wamejua tangu zamani kuuzuia udongo wa milimani kwa mashimo ya ngolo. Hekima hiyo haina budi kuteremka na mito hadi ziwani. Shule na zianze: wanafunzi wayahesabu mashimo ya mdiria kila mwaka, bila kuyagusa. Yakipungua, watajua kuwa ukingo unakwisha.