Picha ya Moyo Haina Faida Pasipo Dawa

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu wapatao milioni 17.9 mwaka 2019, na zaidi ya robo tatu ya vifo vya namna hiyo hutokea katika nchi zenye pato la chini na la kati. Hayo si maradhi ya matajiri wa Ulaya pekee, kama wengi wanavyodhani. Basi yatupasa kuuliza: fedha chache tulizo nazo zianzie wapi?

Mshtuko wa moyo hutokea pale mshipa unaoulisha moyo unapoziba ghafula. Msuli uliokosa damu huanza kufa kabla ya saa moja kupita, na mahali pake hufanyika kovu lisiloweza kusukuma damu. Aliyenusurika aweza kurudi shambani akijiona mzima, kumbe moyo wake umepoteza sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana tabibu hana budi kuuona moyo wenyewe.

Njia za kuuona zipo. Mwaka 1953 huko Lund, Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walianza kuuchunguza moyo kwa mawimbi ya sauti. Kwa ultrasaundi ya leo, tabibu huona sehemu ya ukuta wa moyo isiyocheza, tena hupima damu isukumwayo kwa kila pigo. Mwaka 2000, watafiti wa Chicago walionyesha kwamba mashine ya sumaku, mgonjwa akichomwa sindano yenye madini ya gadoliniamu, hulitoa kovu likiwa jeupe. Kovu likizidi nusu ya unene wa ukuta, ni nadra sehemu hiyo kupata nguvu tena hata mshipa ukizibuliwa.

Hata hivyo, tusighilibiwe na uzuri wa picha. Mwaka 2022, utafiti wa Uingereza uitwao REVIVED ulitoa matokeo ya wagonjwa 700 wenye mioyo dhaifu, ambao vipimo vilionyesha kuwa misuli yao ingali hai. Waliopanuliwa mishipa na kupewa dawa hawakupungukiwa na vifo wala kulazwa kwa udhaifu wa moyo kuliko waliopewa dawa tu.

Kwa upande mwingine, mwaka 1992 utafiti wa SAVE, uliofanywa Marekani na Kanada, ulihusu wagonjwa 2,231 waliotoka kupata mshtuko, ambao chumba kikuu cha moyo kilisukuma asilimia 40 au chini ya damu iliyomo. Dawa ya kaptopril ilipunguza vifo kwa asilimia 19. Leo dawa hiyo ni ya bei nafuu, na kiasi hicho cha damu hupimika kwa ultrasaundi, ambayo hata hubebeka.

Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoko Mulago, na ile ya Jakaya Kikwete, iliyoko Muhimbili, ni fahari ya Afrika Mashariki. Lakini Karamoja ni mbali na Kampala, na Kigoma ni mbali na Dar es Salaam. Kwa maoni yetu, hospitali za mikoani zitangulizwe kupewa ultrasaundi, mtumishi aliyefunzwa kuitumia, na dawa zisizokatika. Mashine ya sumaku iwekwe katika hospitali kuu, kwa wale ambao picha yake itabadili matibabu yao.