Je, Picha Yaweza Kupatanisha Mume na Mke?

Msafiri atokaye Sotik kwenda Kisii hupitia soko la Chepilat. Upande mmoja ni Bomet kwa Wakipsigis, upande wa pili ni Nyamira kwa Wakisii, na majirani hawa wameoana tangu zamani. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliuumiza mpaka huu, na ndoa za namna hiyo zikatiwa majaribuni. Lakini ugomvi nitakaouzungumzia leo si wa makabila. Ni ule wa ndani ya nyumba, uzukao kila mwaka bonasi ya majani chai inapolipwa.

Kila mwenye shamba dogo aujua. Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, kisha hungojea bonasi. Mara nyingi namba ya kiwandani imeandikwa jina la mume, ilhali mgongo unaobeba kikapu ni wa mke. Pesa zikiingia, mume hukawia sokoni. Akirudi, maneno huanza, na kila mmoja hujibu neno la mwisho alilosikia, si lile lililomwuma mwenzake.

Wako waliotafuta njia nyingine. Mwaka 1942 mchoraji Mwingereza Adrian Hill, ambaye alijiliwaza kwa kuchora alipougua kifua kikuu, aliipa kazi hiyo jina la tiba kwa sanaa. Baadaye huko Bethesda, Marekani, Bi. Hanna Kwiatkowska aliwaketisha wazazi na watoto wachore pamoja, na kitabu chake kikatoka mwaka 1978. Washauri wa njia hii hawatafuti picha nzuri. Hutazama ni nani aliyeanza, ni nani aliyetwaa nafasi kubwa ya karatasi, na kila mmoja asema nini juu ya alichokichora.

Wengine watasema hayo ni mambo ya Wazungu. Sikubali. Bibi wa pwani aweza kunyamaza siku nzima, na kanga aliyojifunga ikamsemea kwa mumewe. Miongoni mwa Wawoyo wa Cabinda, mke aliyeudhika alifunika chakula cha mumewe kwa kifuniko cha mbao kilichochongwa methali, mbele ya wageni, nao wageni wakasaidia kusuluhisha. Hapa kwetu Wakipsigis walifungana segutiet, bangili ya nyasi, walipooana, na mwanamke wa Kisii alivaa ebitinge, pete za chuma miguuni, baada ya sherehe ya enyangi.

Hata hivyo, kuna tofauti. Nyasi ni ile ile kwa wote, na jina la kanga limetungwa na mwingine. Picha uliyoichora mwenyewe yasema habari zako wewe.

Nilijaribu nyumbani kwangu. Msimu mmoja wa bonasi, baada ya siku tatu za kununiana, nilichana kurasa mbili za daftari la mtoto, nikamwomba mama watoto kila mmoja achore shamba letu. Mimi nilichora mistari ya chai iliyonyooka, lango, na lori kubwa la kiwanda. Yeye alichora njia ya kwenda kituo cha kununulia chai, kutoka pembe hata pembe ya karatasi, na kikapu kikubwa chenye mtu mdogo chini yake.

"Mimi niko wapi?" nikamwuliza.

"Baba watoto, sijapata kukuona katika njia hiyo."

Nilikuwa na jibu tayari, nikalimeza. Naye akaniuliza kwa nini lori langu ni kubwa kuliko nyumba. Nikamweleza deni la mbolea linalokatwa katika malipo, ambalo sikuwa nimemwambia ni kiasi gani. Usiku ule hatukupatana, lakini kwa mara ya kwanza tuligombana juu ya jambo lenyewe.

Yafaa tuwe waangalifu. Picha yaweza kufunua kidonda asichoweza kukifunga mtu asiyefunzwa, na Kenya inayo sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu mwaka 2014. Tena, palipo na kipigo si mahali pa penseli. Huko iko Sheria ya Kinga Dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya mwaka 2015, na mke apigwaye asiambiwe akae achore na ampigaye.

Lakini kwa nyumba nyingi zilizochoka tu kwa maneno, sioni kwa nini wazee wa kokwet, makanisa na vikundi vya akina mama wasimwalike mshauri aliyefunzwa awaonyeshe njia hii. Karatasi na penseli si ghali.

Kurasa zetu mbili ziko kabatini pamoja na risiti za chai. Msimu ujao tutazitoa kabla ya bonasi, si baada yake.