Masako: Waya kwenye regilateri ukatwe

Foleni ya basani za mihogo mikavu inaanza asubuhi mapema mbele ya mashini ya kusaga. Mama anafika na basani kichwani, mtoto mgongoni, mwingine anamshika nguo. Kati yao wamo waliokimbia mapigano ya Wambole na Walengola yaliyoanza 2023, wale waliopokelewa na ndugu badala ya kubaki kambini Lubunga. Unga wa asubuhi ndio fufu ya jioni. Mwenye mashini anaona watu wamekuwa wengi, anaita fundi. Fundi anafunga mkono wa regilateri kwa waya, injini inaanza kulia vibaya, foleni inasogea.

Fundi wa namna hiyo akatazwe. Mwenye mashini anayemlipa akatazwe kwanza.

Ndani ya regilateri kuna vyuma vidogo vinavyozunguka pamoja na injini. Injini ikikimbia, vinafunguka na kupunguza mazutu. Mihogo ikiilemea, resori inavuta na mazutu inaongezeka. Wengi wanaogopa injini ikiwa na mzigo. Wakosea. Hatari inakuja pale mihogo inapoisha au mkanda unapokatika. Mzigo unaondoka mara moja, mazutu inabaki ileile, injini inapanda na hakuna kitu cha kuizuia. Injini ya silinda moja aina ya S195 imetengenezwa kwa mizunguko 2000 kwa dakika. Mwendo ukifika mara mbili, nguvu inayotaka kupasua volan inakuwa mara nne. Volan ikipasuka, kipande cha chuma kinampata mwendeshaji, au mtoto aliyekaa juu ya gunia.

Mafundi wanajitetea: resori imechoka, injini haina nguvu. Basi inunuliwe resori, na mwendo upimwe kwa kipima mizunguko, si kwa sikio. Mara nyingi injini "isiyo na nguvu" ina filta ya hewa iliyojaa vumbi la unga, au mkanda unaoteleza. Fundi anayeanza na waya amekimbia kazi yake, halafu anadai pesa.

Mchezo huo huo uko kwenye gurupu za umeme zinazochaji telefone. Nyingi za zile ndogo zinatakiwa kuzunguka mara 3000 kwa dakika ili zitoe hertzi 50. Resori ikikazwa, volti zinaweza kupanda na kuunguza chaja. Kwa familia iliyokimbia, telefone hiyo ndiyo inayoleta habari kama kijiji kimetulia.

Kumwambia mama atafute mashini nyingine ni maneno matupu. Pengine nyingine iko mbali, naye amebeba watoto. Kazi hiyo ni ya mkuu wa kijiji, ambaye hupita hapo kila siku na kusikia mlio ule. Aamuru foleni ihame upande mwingine, isisimame usawa wa volan. Mkanda uwekewe kizuizi, hata cha mbao. Mashini yenye waya isiwashwe mpaka irekebishwe, hata kama ni ya shemeji yake.

Injini ikishazimwa, koleo moja inatosha kukata waya huo.