Video Haitoshi

Mwandishi aliyedai kwenye safu yake kuwa shule zisizo na maabara ziachane na majaribio ya usanisinuru, ziwaonyeshe wanafunzi video, ameona ugonjwa akakosea dawa. Kuhusu spiriti, inayoondoa rangi ya jani kabla ya kulipima wanga kwa iodini, yuko sahihi: haichemshwi juu ya moto. Maji huchemshwa kwanza, moto ukazimwa, ndipo chombo chenye spiriti na jani kikawekwa humo.

Lakini majaribio si hilo la iodini peke yake. Toboa viduara vya jani la spinachi kwa mrija wa soda, vitie kwenye bomba la sindano, sindano yenyewe ikiwa imetolewa, pamoja na maji yenye soda ya kuokea kidogo na tone la sabuni. Ziba ncha kwa kidole, vuta, achia, mpaka hewa itoke na viduara vizame. Viweke juani: oksijeni inavipandisha kimoja kimoja. Vingine vifunike, vitabaki chini. Maabara iko wapi hapo? Jan Ingenhousz mwenyewe, mwaka 1779, alitazama viputo vya majani ndani ya maji.

Tena video haikosei kamwe. Mwanafunzi aliyesahau kuuweka mmea gizani saa 48 hukuta wanga mahali asipoutarajia, akalazimika kuuliza kwa nini. Walimu, nunueni mabomba ya sindano.