NYUMBA NA JAMII: Starehe ya Ufukweni Huanzia Milimani



Mshahara ukishatoka, familia nyingi za Bujumbura hushuka ufukweni siku ya Jumapili. Huko, kando ya Ziwa Tanganyika, zimejipanga hoteli za fahari: mchanga laini, vivuli vya miti, meza zilizotandikwa, na ng'ambo ya maji milima ya Kongo. Mgeni aweza kudhani kwamba uzuri ule wote umenunuliwa kwa fedha. La hasha! Fedha zimenunua kuta na vitanda tu.

Geuza uso utazame nyuma ya mji. Juu kabisa, kwenye safu ya milima igawayo maji ya Kongo na ya Nile, upo msitu wa mvua wa Kibira, ulio hifadhi ya taifa tangu miaka ya 1980. Ukubwa wake ni hekta zipatazo 40,000, nao umeungana na msitu wa Nyungwe wa Rwanda. Humo sokwe wangali wakiishi. Lakini kwetu sisi wa bondeni, faida yake kubwa ni maji. Majani na mizizi huipokea mvua kwa upole, udongo ukainywa, kisha ukaiachilia kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Bwawa la Rwegura, lililo ukingoni mwa msitu huo, huipatia nchi umeme.

Mlima ukivuliwa miti, mvua hukosa wa kuipokea. Hushuka mbio pamoja na udongo, ikabomoa kingo za Ntahangwa na kuchukua nyumba. Mwezi Februari 2014, mafuriko ya usiku mmoja yaliua watu zaidi ya 60 mjini humu. Na ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga. Maji yakiingia kwa wingi hukawia kuondoka. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, ziwa lilifurika likaingia katika nyumba za Gatumba na katika hoteli za ufukweni pia, bila kumbagua tajiri wala maskini.

Askari hulinda mpaka na raia; mlima nao wataka mlinzi, na ulinzi wake huanzia jikoni. Mama, loweka maharagwe tangu usiku, yataiva upesi. Funika chungu. Tumia jiko lililokandikwa udongo, lisilopoteza moto. Kila gunia la makaa lisilonunuliwa ni miti iliyobaki imesimama. Baba, ukiwa na shamba mteremkoni, panda majani ya tembo kwenye matuta, wala usijenge ukingoni mwa mto kwa sababu kiwanja ni rahisi.

Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Twendeni ufukweni, watoto wetu wacheze mchangani. Lakini tukirudi nyumbani, tuukumbuke msitu unaotutunzia ufuko huo.