Uhuru wa Mvutaji, Mapafu ya Mhudumu

Nilianza kuhudumu mezani Vienna enzi ambazo kisahani cha majivu kilitangulia kikombe. Nikitoka zamu usiku, mke wangu hakutaka koti langu livuke mlango. Ndiyo maana nikisikia kwamba katazo la sigara mikahawani liliwanyima Waustria uhuru, huuliza: uhuru wa nani?

Tangu 2009 tulikuwa na sheria nusunusu. Mkahawa mkubwa ulitakiwa kutenga chumba cha wavutaji. Ule wa chini ya mita za mraba 50, mwenyewe aliamua. Chumba kilitengwa, sawa, ila kahawa haikujipeleka humo. Tuliipeleka sisi.

Mwaka 2015 bunge likapitisha katazo kamili, lianze Mei 2018. Kabla halijaanza, chama cha FPÖ kikaingia serikalini, na kiongozi wake Heinz-Christian Strache, mvutaji mwenyewe, akataka lifutwe. Machi 2018 likafutwa. Madaktari wa Vienna na shirika la kusaidia wagonjwa wa saratani wakakusanya saini. Zikapita 880,000, katika nchi isiyofika watu milioni 9. Serikali haikushtuka.

Kilichoiangusha ni video iliyorekodiwa kwa siri kisiwani Ibiza na kutoka Mei 2019, Strache akimwahidi zabuni za serikali mwanamke aliyejifanya ndugu wa tajiri wa Kirusi. Akajiuzulu, serikali ikavunjika, na Julai wabunge wakalirudisha katazo. Likaanza Novemba 1, 2019. Yaani kashfa ilitufanyia kazi ambayo saini zote zile zilishindwa kuifanya! Binamu yangu wa Mombasa alinicheka sana kwenye simu, maana Kenya ilitunga sheria yake ya tumbaku mwaka 2007.

Wenye mikahawa walilia kwamba wateja watahama. Hawakuhama, Jumapili asubuhi bado unasubiri meza. Lakini Mwaustria mmoja kati ya watano hivi bado huvuta kila siku, na mashine za sigara zimetundikwa barabarani, zinauza usiku kucha kwa yeyote mwenye kadi inayoonyesha ametimiza miaka 18.

Na meza za nje je? Huko sigara ni ruksa, kiti kwa kiti na watoto, na anayepita katikati ya moshi na sinia ni yuleyule mhudumu. Wabunge waliofunga mlango wa ndani wamalizie na baraza.